Mtoano wa majimbo na usajili wa vyuo katika futiboli ya Marekani

Mtoano wa majimbo ni hatua ya mwisho ya msimu wa futiboli ya Marekani kwa shule za sekondari za nchi hiyo. Huchezwa hasa mwezi Novemba na Desemba, na timu inayofungwa hutoka mashindanoni. Hakuna mashindano rasmi ya kumpata bingwa wa taifa zima. Kila jimbo huendesha mashindano yake na kutoa mabingwa wake.

Katika majuma hayohayo makocha wa vyuo vikuu hukamilisha usajili wa wanafunzi watakaojiunga na timu zao mwaka unaofuata. Kwa hiyo mchezaji wa miaka 17 au 18 anaweza kuwa anawania mambo mawili kwa wakati mmoja: kombe la shule yake na nafasi ya kusoma chuoni kwa ufadhili. Mambo hayo mawili hayaendi pamoja kila mara. Kombe hutolewa kwa timu, lakini ufadhili hutolewa kwa mtu mmoja mmoja, na mara nyingi huwa umeshaamuliwa kabla mtoano haujaanza.

Makala hii inaeleza jinsi mtoano na usajili vinavyofanya kazi na jinsi vinavyoathiriana. Mifano mingi inatoka Texas, jimbo linalojulikana sana kwa futiboli ya shule.

## Mchezo kwa ufupi

Futiboli ya Marekani ni tofauti na soka. Timu mbili zenye wachezaji 11 kila moja hucheza kwa mpira wenye umbo la yai kwenye uwanja wa yadi 100 (takriban mita 91), bila kuhesabu maeneo ya mwisho yaliyo kwenye ncha zake mbili. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kuusogeza mbele yadi 10. Ikifaulu hupata majaribio mengine manne. Ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani.

Kuufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani huitwa tachidauni na huleta pointi 6. Kuupiga kwa mguu upite kati ya nguzo huleta pointi 3. Mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira huitwa kwotabeki. Nafasi hiyo ndiyo inayofuatiliwa zaidi na wasaka vipaji na vyombo vya habari.

Mechi ya shule za sekondari huwa na robo nne za dakika 12 kila moja, wakati ile ya vyuo ina robo za dakika 15. Shule ndogo sana za vijijini hucheza futiboli ya wachezaji sita kwa kila timu, aina iliyobuniwa Nebraska mwaka 1934 ili shule zenye wanafunzi wachache nazo ziweze kuwa na timu.

## Uendeshaji wa mashindano

Kila jimbo lina chama chake cha michezo ya shule. Vyama hivyo vimeungana katika shirikisho la taifa liitwalo NFHS, lililoanzishwa mwaka 1920 na lenye makao makuu mjini Indianapolis. Shirikisho hilo huandika kanuni za mchezo, lakini haliandai ubingwa wa taifa. Zaidi ya wanafunzi milioni 1 hucheza futiboli ya shule za sekondari kila mwaka.

Ili shule kubwa isikutane na shule ndogo, majimbo hugawa shule katika madaraja kwa kufuata idadi ya wanafunzi. Kwa sababu hiyo jimbo moja huwa na mabingwa kadhaa kila mwaka.

Njia ya kufuzu kwa mtoano hutofautiana:

- Ohio ilianza mtoano wa jimbo mwaka 1972. Timu huhesabiwa pointi kwa kila mechi iliyoshinda, na pia kwa mechi zilizoshindwa na wapinzani iliowafunga.
- California ina kanda 10 chini ya chama chake, kilichoanzishwa mwaka 1914. Kila kanda hutoa mabingwa wake kwanza. Fainali za jimbo zima zilirejeshwa mwaka 2006 baada ya kukosekana kwa miongo mingi.
- Texas hupanga shule za jirani katika makundi yanayoitwa wilaya, na timu nne za juu za kila wilaya katika madaraja makubwa huingia mtoano.

Baadhi ya shule hazishiriki kabisa. IMG Academy ya Bradenton, Florida, ni shule ya bweni iliyojengwa kwa ajili ya michezo na imepeleka wachezaji wengi katika vyuo vikubwa. Timu yake kuu hucheza na shule za majimbo mbalimbali na haiwanii ubingwa wa jimbo la Florida. Mwanafunzi anayehamia huko huongeza nafasi ya kuonekana na makocha, lakini huacha nafasi ya kuleta kombe nyumbani.

## Mfano wa Texas

Michezo ya shule za umma za Texas husimamiwa na University Interscholastic League, kwa kifupi UIL, iliyoanzishwa mwaka 1910 chini ya Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Fainali ya kwanza ya futiboli ya jimbo chini ya UIL ilikuwa ya msimu wa 1920. Cleburne na Houston Heights zilitoka 0–0, na zote mbili zikatajwa kuwa mabingwa.

Leo kuna madaraja sita, kuanzia 1A la shule ndogo zaidi hadi 6A la shule kubwa zaidi. Kila daraja lina divisheni mbili, kwa hiyo Texas hupata mabingwa 12 wa futiboli kila mwaka. UIL hupanga upya wilaya na madaraja kila baada ya miaka miwili kulingana na idadi ya wanafunzi.

Katika daraja la 6A mgawanyo wa divisheni hufanyika baada ya msimu wa kawaida. Katika kila wilaya, shule mbili zenye wanafunzi wengi zaidi kati ya zile nne zilizofuzu huingia Divisheni I, na mbili nyingine huingia Divisheni II. Kila divisheni hupata timu 64. Bingwa lazima ashinde mechi sita mfululizo. Ukijumlisha na mechi 10 za msimu wa kawaida, mchezaji wa timu inayofika fainali anaweza kucheza mechi 16 kati ya mwisho wa Agosti na siku chache kabla ya Krismasi.

Fainali nyingi za miaka ya karibuni zimechezwa kwenye uwanja wa AT&T Stadium mjini Arlington, ambao ni nyumbani kwa timu ya kulipwa ya Dallas Cowboys. Desemba 2013 watazamaji 54,347 walihudhuria fainali ambayo Allen iliifunga Pearland 63–28. Hiyo ilikuwa rekodi ya jimbo kwa mechi ya futiboli ya shule za sekondari.

Ukubwa wa mchezo huu huonekana pia katika fedha. Mji wa Allen ulifungua mwaka 2012 uwanja wa shule wenye viti 18,000 uliogharimu takriban dola milioni 60. Miaka miwili baadaye uwanja huo ulifungwa kwa sababu ya nyufa katika zege, ukafunguliwa tena mwaka 2015 baada ya matengenezo. Shule ilitwaa ubingwa wa 2014 ikiwa haina uwanja wake wa nyumbani.

## Usajili wa vyuo

Futiboli ya vyuo husimamiwa zaidi na chama kinachoitwa NCAA, kilichoanzishwa mwaka 1906. Vyuo vyake vimegawanywa katika Divisheni I, II na III. Vyuo vya Divisheni III havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kwa miaka mingi chuo cha ngazi ya juu kabisa ya Divisheni I kiliruhusiwa kuwa na wachezaji 85 wenye ufadhili. Mwezi Juni 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yaliyoondoa kikomo hicho kwa vyuo vinavyoyafuata, na badala yake timu ikawekewa kikomo cha wachezaji 105. Makubaliano hayo yaliruhusu pia vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja.

### Hatua za usajili

Usajili huanza muda mrefu kabla ya mwaka wa mwisho wa shule. Kwa kawaida hupitia hatua hizi:

1. Kuonekana. Kocha wa chuo humwona mchezaji katika video, mechi au kambi ya mazoezi. Video nyingi leo hupitia Hudl, kampuni iliyoanzishwa mwaka 2006 mjini Lincoln, Nebraska.
2. Ofa. Chuo humweleza mwanafunzi kwamba kiko tayari kumpa nafasi. Mchezaji anayewindwa sana hupata ofa kumi au zaidi.
3. Ziara. Mwanafunzi na familia yake hutembelea chuo, na gharama za ziara rasmi hulipwa na chuo.
4. Ahadi ya mdomo. Mwanafunzi hutangaza chuo alichokichagua. Ahadi hii haimfungi yeyote kisheria. Mwanafunzi anaweza kubadili nia, na chuo pia kinaweza kuondoa ofa.
5. Kusaini. Hapo makubaliano huwa rasmi.

Kwa Divisheni I, mwanafunzi anatakiwa pia kufaulu masomo 16 ya msingi kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo ambacho alama ya juu ya kawaida ni 4.0. Mchezaji hodari asiyetimiza sharti hilo mara nyingi hupitia chuo cha miaka miwili kwanza.

### Nyota

Tovuti kama 247Sports, Rivals na ESPN huwapanga wachezaji kwa nyota. Nyota tano ndicho kiwango cha juu. 247Sports hutoa nyota tano kwa wachezaji wapatao 32 kwa mwaka, ikifuata idadi ya wachezaji wanaochaguliwa katika raundi ya kwanza ya uchaguzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa ya NFL. Nyota hutolewa na waandishi na wasaka vipaji wa tovuti hizo. Si vyuo wala vyama vya michezo vinavyozitoa, na chuo hakilazimiki kuzifuata.

## Kalenda mbili katika mwezi mmoja

Kuanzia mwaka 1964 wachezaji walitumia hati maalumu ya taifa kujifunga na chuo. NCAA iliifuta hati hiyo Oktoba 2024, na sasa mwanafunzi husaini mkataba wa ufadhili na chuo chenyewe. Kwa miongo mingi siku ya kusaini futiboli ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari, wakati mtoano wa majimbo yote umeshamalizika.

Mwaka 2017 kilianzishwa kipindi cha mapema cha kusaini katika mwezi Desemba. Wachezaji wengi wanaowindwa walihamia huko mara moja, na siku ya Februari ikabaki zaidi kwa wale ambao hawakupata nafasi. Mwaka 2018 kipindi hicho kilianza Jumatano, Desemba 19. Siku tatu baadaye, Desemba 22, shule za North Shore na Duncanville zilikutana katika fainali ya 6A Divisheni I ya Texas. North Shore ilishinda 41–36 kwa mpira mrefu uliorushwa na kudakwa katika eneo la mwisho kwenye mchezo wa mwisho kabisa wa mechi.

Mwaka 2024 kipindi hicho kilisogezwa hadi Desemba 4–6. Katika majimbo ambayo fainali zake huchelewa, kama Texas, kusaini sasa huangukia katikati ya mtoano. Mwanafunzi anaweza kuketi mbele ya kamera shuleni Jumatano asubuhi na kuvaa kofia ya chuo chake kipya, kisha Ijumaa usiku akacheza mechi ambayo ikimshinda inakuwa ya mwisho kwake na shule yake.

Mpangilio huu una matokeo kadhaa:

- Mchezaji aliyekwisha kusaini hana la kuongeza katika usajili wake, lakini bado anaweza kuumia. Hata hivyo wengi huendelea kucheza, kwa kuwa kombe la jimbo hupatikana mara chache na wenzao wanawategemea.
- Mchezaji ambaye hajapata ofa ana muda mfupi zaidi wa kuonekana. Zamani mechi nzuri ya fainali iliweza kufuatwa na majuma ya mazungumzo kabla ya Februari. Sasa nafasi nyingi huwa zimejaa.
- Baadhi ya wachezaji humaliza masomo ya sekondari mwezi Desemba na kuanza chuo Januari ili wawahi mazoezi ya majira ya kuchipua. Kwao fainali na kuhama nyumbani hutenganishwa na majuma machache tu.

## Fainali ya msimu wa 2020

Mfano unaojulikana wa jinsi kombe na soko vinavyokutana ni fainali ya 6A Divisheni I ya Texas ya msimu wa 2020. Kwa sababu ya janga la UVIKO-19 ilichezwa Januari 16, 2021, katika AT&T Stadium. Westlake ya Austin iliifunga Southlake Carroll 52–34. Kocha wa Westlake alikuwa Todd Dodge, na kocha wa Carroll alikuwa mwanawe, Riley Dodge.

Makwotabeki wa timu hizo, Cade Klubnik wa Westlake na Quinn Ewers wa Carroll, walikuwa wote katika mwaka wa tatu wa shule, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mwaka mmoja zaidi wa kucheza. Ewers alikuwa miongoni mwa wachezaji waliopewa alama za juu kabisa katika historia ya tovuti za usajili.

Julai 1, 2021 NCAA iliruhusu wachezaji wa vyuo kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao katika biashara. Ruhusa hiyo haikuwahusu wanafunzi wa sekondari wa Texas. Agosti mwaka huohuo Ewers aliacha mwaka wake wa mwisho wa shule na kujiunga mapema na Ohio State, ambako angeweza kulipwa. Hakurudi kuwania kombe alilolikosa. Klubnik alibaki Westlake, akatwaa ubingwa tena Desemba 2021, shule hiyo ikiwa imeshinda kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kisha alijiunga na Clemson.

Ewers alihamia Chuo Kikuu cha Texas baada ya msimu mmoja. Desemba 21, 2024 wawili hao walikutana tena mjini Austin katika mtoano wa ubingwa wa vyuo. Safari hii Ewers alishinda, Texas ikiifunga Clemson 38–24.

Uamuzi wa Ewers ulizua mjadala kuhusu wanafunzi wa sekondari na malipo. Majimbo mengi yamebadili kanuni zake tangu wakati huo ili kuwaruhusu kupokea fedha za matangazo, kwa masharti yanayotofautiana.

## Kombe na nyota

Ubingwa wa jimbo si kipimo cha uhakika cha usajili, na usajili si kipimo cha uhakika cha mafanikio ya baadaye. Wachezaji wanne waliofahamika baadaye wanaonyesha tofauti hizo:

- Kyler Murray alikuwa kwotabeki wa Allen, Texas. Alishinda mechi zote 42 alizoanza na kutwaa ubingwa wa jimbo mara tatu, 2012, 2013 na 2014. Aliwindwa na vyuo vikubwa, akapata Tuzo ya Heisman ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2018 akiwa Oklahoma, na mwaka 2019 akachaguliwa wa kwanza na NFL.
- Baker Mayfield aliiongoza Lake Travis, shule ya karibu na Austin, kutwaa ubingwa wa daraja la 4A mwaka 2011. Pamoja na kombe hilo, alijiunga na Texas Tech bila ufadhili wa masomo na ikambidi apiganie nafasi. Alihamia Oklahoma, akapata Heisman mwaka 2017 na kuchaguliwa wa kwanza na NFL mwaka 2018.
- Patrick Mahomes wa Whitehouse, Texas, alipewa nyota tatu na hakutwaa ubingwa wa jimbo. Alikwenda Texas Tech, na baadaye akawa bingwa wa NFL na Kansas City Chiefs.
- Arch Manning alisoma Isidore Newman, shule ndogo ya binafsi mjini New Orleans. Ni mjukuu wa Archie Manning na mpwa wa Peyton na Eli Manning, wote makwotabeki wa NFL. Hakutwaa ubingwa wa jimbo la Louisiana, lakini alikuwa miongoni mwa wachezaji waliowaniwa zaidi nchini kabla ya kuchagua Chuo Kikuu cha Texas mwaka 2022.

Wapo pia ambao hawakuonekana kabisa. Josh Allen alitoka Firebaugh, mji wa wakulima huko California, na hakupata ofa hata moja ya Divisheni I alipomaliza sekondari. Alipitia chuo cha miaka miwili cha Reedley, kisha Wyoming, kabla ya kuwa kwotabeki wa Buffalo Bills.

## Masomo na ubingwa: suala la mwaka 1988

Mwaka 1984 Texas ilipitisha sheria inayomzuia mwanafunzi kushiriki michezo akipata chini ya alama 70 katika somo. Sheria hiyo iliamua hatima ya mojawapo ya mitoano inayokumbukwa zaidi katika jimbo hilo.

Msimu wa 1988 timu tatu za wilaya moja ya Texas Magharibi zililingana, lakini nafasi za mtoano zilikuwa mbili tu. Waliofuzu waliamuliwa kwa kurusha sarafu. Permian ya mji wa Odessa ilikuwa mojawapo ya waliopita. Ilifika nusu fainali na kufungwa 14–9 na Carter ya Dallas, ambayo iliendelea hadi kutwaa ubingwa. Msimu huo wa Permian ulisimuliwa na mwandishi H. G. Bissinger katika kitabu *Friday Night Lights* cha mwaka 1990, ambacho baadaye kilitengenezewa filamu na tamthilia ya televisheni.

Wakati wote wa mtoano huo kulikuwa na kesi kuhusu alama za aljebra za mchezaji mmoja wa Carter. Swali lilikuwa kama alifaulu somo hilo au alipaswa kukaa nje. Timu iliendelea kucheza huku mahakama na maofisa wa elimu wakibishana. Baadaye uamuzi ulikwenda kinyume na Carter. Shule ilinyang'anywa ubingwa, nao ukapewa Judson ya Converse, iliyokuwa imefungwa katika fainali.

Suala hilo hutajwa mara nyingi kuonyesha uzito unaowekwa juu ya mwanafunzi mmoja. Alama ya somo moja ilihusu kombe la timu nzima, fahari ya mtaa wake, na vijana kadhaa waliokuwa wakiwindwa na vyuo.

## Afya ya wachezaji

Futiboli ya Marekani ni mchezo wa kugongana. Hatari inayojadiliwa zaidi ni mtikiso wa ubongo unaotokana na kugongwa kichwa. Mchezaji anayerudi uwanjani kabla hajapona yuko katika hatari kubwa zaidi akigongwa tena.

Jimbo la Washington lilikuwa la kwanza kupitisha sheria kuhusu jambo hilo, mwaka 2009. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Kwa kawaida sheria hizo humtaka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikiso atolewe uwanjani mara moja, na asirudi kabla ya kuruhusiwa na mtaalamu wa afya.

Mtoano hufanya utekelezaji kuwa mgumu. Kijana anayejua kwamba mechi hii inaweza kuwa ya mwisho, au kwamba kocha wa chuo yuko jukwaani, anaweza kuficha maumivu. Ndiyo maana sheria nyingi hazimwachii mchezaji wala kocha wake uamuzi wa kurudi uwanjani.

## Wasiosajiliwa

Habari nyingi za mtoano huandikwa kuhusu wachezaji wenye ofa, lakini hao ni wachache. Kwa makadirio ya NCAA, takriban asilimia 7 tu ya wanaocheza futiboli ya sekondari huendelea kucheza katika vyuo vya divisheni zake tatu. Wanaofika Divisheni I ni wachache zaidi.

Nafasi za wanafunzi wapya zimezidi kubanwa tangu mwaka 2018, NCAA ilipoanzisha orodha ya mtandaoni ambamo wachezaji wa vyuo hujiandikisha ili kuhama. Kocha anayehitaji mchezaji wa haraka anaweza kumchukua mtu wa miaka 21 mwenye uzoefu badala ya kijana anayetoka sekondari.

Kwa hiyo katika kila mechi ya mtoano wachezaji wengi walio mwaka wa mwisho hucheza wakijua kwamba wakifungwa hawatavaa tena vifaa vya mchezo huu. Soka au mpira wa kikapu mtu anaweza kuendelea kucheza mtaani hadi utu uzima. Futiboli ya Marekani ya kugongana huhitaji timu mbili kamili, kofia ngumu, vikinga mabega na waamuzi, na ni vigumu kuipata nje ya shule na vyuo. Kwa wachezaji hao mtoano wa jimbo si ngazi ya kwenda mahali pengine, bali ni kilele chenyewe.

## Tazama pia

- Futiboli ya Marekani
- NCAA
- NFL
- Tuzo ya Heisman
- Texas